Mkanda Mmoja Mzima

Nimeendesha magari ya watu tangu kabla sijaoa, na kwa miaka hiyo yote sikuwahi kufunga mkanda. Hapa Kasongo ukiufunga, abiria wanakutazama kama mtu anayewatangazia kwamba leo gari litaanguka. Mikanda ya gari la tajiri wangu, aina ya jipu, ilikuwa imepewa kazi nyingine kitambo, isipokuwa ya mbele. Kwenye kiti cha nyuma, ule wa kushoto ulikatwa kwa kisu ukafungia mapipa ya mafuta ya mawese. Wa katikati ulikuwa wa kiunoni tu, hauna kipande cha kupita begani. Uliobaki mzima ni wa kulia, karibu na dirisha, nao ulikuwa umeshikana na vumbi hata ukiuvuta unatoka kwa shida.

Mke wangu ndiye aliyeufanya ufanye kazi tena. Dada yake mkubwa, anayeishi Ulaya, alikuja kututembelea, na kabla ya kuondoka alituachia kiti kidogo cha plastiki chenye mto mwembamba juu na masikio mawili pembeni. Hakina mgongo. Nilidhani ni cha mtoto kukalia wakati wa kula. Shemeji alicheka, akamshika mkono binti yangu wa miaka sita, akatupeleka wote garini.

"Shemeji, angalia muzuri," akaniambia, akiuvuta kwa nguvu ule mkanda wa kulia. "Mukaba ya gari ilitengenezwa kwa mutu mukubwa kama wewe. Ukimufunga mutoto hivi tu, inamupita hapa kwa shingo na hapa kwa tumbo. Gari ikisimama gafula, itamubana tumbo, na mu tumbo hamuna mufupa wa kumukinga. Njo maana tunamuinua."

Alimkalisha mtoto juu ya kile kiti, mgongo ukigusa kabisa kiti cha gari. Kipande cha chini cha mkanda alikipitisha chini ya yale masikio mawili, kikalala juu ya mapaja, kwenye mifupa ya nyonga. Cha juu kikapita katikati ya bega, kikashuka kifuani. Akaupapasa wote kwa kidole kuona kama haukujisokota. Mwisho akamwonyesha mtoto kitufe chekundu cha kufungulia, wakacheza mchezo huo mpaka binti yangu akaweza kukibonyeza akiwa amefumba macho.

"Na usikubali aweke mukaba chini ya kwapa," shemeji akaongeza. "Watoto wanapenda vile. Ni mubaya."

Alipokwenda zake, mke wangu alinipa ndoo ya maji ya vuguvugu na sabuni, akasimama mlangoni mwa jipu mpaka nilipomaliza kuuosha ule mkanda.

Miezi michache baadaye mdogo wangu, anayenifuata kuzaliwa, alikuwa anaoa binti wa Kabambare. Tajiri wangu akatuazima jipu. Mke wangu alikuwa na kichanga cha wiki mbili, hakuweza kusafiri, lakini binti yetu alikuwa amechaguliwa kumsindikiza bibi harusi, na gauni lake lilikuwa limeshonwa. Mkubwa wa safari alikuwa shangazi yetu, dada ya marehemu baba. Yeye ndiye angesimama kusema mbele ya wakwe. Ni mama mnene, mwenye sauti, aliyetulea mimi na mdogo wangu baada ya baba kufa, na sijawahi kusikia mtu wa ukoo wetu akimwambia hapana.

Asubuhi ya kuondoka mke wangu alimfunga mtoto mwenyewe. Kisha akaja upande wangu.

"Asitoke kwa kiti ile mpaka Kabambare. Hata akilia."

"Sawa."

"Uniahidi."

"Nimesema sawa."

Shangazi alipanda mbele, kama inavyompasa mtu mzima. Mdogo wangu akakaa nyuma na mtoto, kati yao mabegi na vikapu vya zawadi. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, na njia ya Kabambare unaijua ikinyeshewa: unaendesha gari ndani ya mifereji iliyochimbwa na magari mengine, ukiomba mfereji wako usiwe na kina cha kufikia chasi, tumbo la gari. Tulikuwa hatujatembea hata nusu saa shangazi alipogeuka.

"Mutoto anakaa kule peke yake kama muzigo. Mumulete huku, akae kwa mapaja yangu, aone njia."

"Shangazi, mama yake amesema akae kwa kiti yake."

"Mama yake njo aliyekulea wewe?"

Nikabadilisha gia. Mdogo wangu alitazama nje. Tukaenda hivyo mpaka mtoto alipoanza kusema tumbo linamzunguka. Akatapika kidogo juu ya gauni lake la safari. Shangazi hakupandisha sauti tena. Alinyoosha mikono tu, na mimi nikasimamisha gari, nikabonyeza kile kitufe chekundu, nikampa. Nilijiambia kwamba tunakwenda polepole. Nilijiambia pia kwamba mke wangu hatajua.

Kwa kweli mtoto alitulia. Upepo wa dirishani ulimpiga usoni, shangazi akawa anamwonyesha mashamba ya mpunga na kumwimbia. Nilianza kufikiri wanawake wa nyumbani kwangu wanazidisha mambo.

Penye kona moja tukakutana na baiskeli. Mtu alikuwa anaisukuma, imebeba madumu ya mawese pande zote mbili, imejaa njia nzima. Nilikanyaga breki. Hatukuwa na mwendo, naweza kuapa, mwendo wa mtu anayekimbia tu. Lakini mtoto alitoka mikononi mwa shangazi kama sabuni iliyolowa. Nilisikia kichwa chake kikigonga dashibodi, kisha kilio.

Uvimbe ulitoka kwenye paji la uso, mkubwa kama yai la kuku mdogo. Hakuna damu. Macho yake yalikuwa yananifuata vizuri nilipopitisha kidole mbele yake. Mwenye baiskeli alikuja akiomba radhi, na mimi nikawa namwambia kosa si lake. Nilipomtazama shangazi, mikono yake ilikuwa bado imekunjwa mbele ya kifua chake, kana kwamba mtoto yumo.

"Nilikuwa nimemushika," akasema. "Nilikuwa nimemushika kwa nguvu."

Nilijua ni kweli. Ndiyo maana niliogopa zaidi.

Nilimrudisha mtoto kwenye kiti chake. Nilifanya kila kitu kama shemeji alivyotuonyesha: mgongo nyuma, kipande cha chini mapajani, cha juu katikati ya bega, kidole kikipita kote kutafuta msokoto. Mtoto alitaka kuingiza kile cha juu chini ya kwapa kwa sababu kilimkwaruza, na nikamkatalia kwa ukali ambao haukumlenga yeye. Ulimlenga shangazi, na mimi mwenyewe.

"Kuanzia sasa hatoki," nikasema kwa sauti, bila kumtazama mtu. "Mutu asiniombe tena."

Ni mara ya kwanza maishani nilisema hivyo mbele ya shangazi. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akamwambia mdogo wangu aende mbele. Akasukuma vikapu upande wa kushoto, akaketi katikati, bega lake likigusana na la mtoto. Mkanda wa kiunoni wa pale katikati ulikuwepo. Niliuona. Aliukalia.

"Papa," binti yangu akasema nilipowasha gari, "na wewe mukaba yako?"

Nikaufunga. Mdogo wangu akacheka kidogo, akafunga wake. Kisha nikatazama kwenye kioo. Shangazi alikuwa ametazama dirishani, uso umefungwa, mkono wake mmoja umeshika mkono wa mtoto. Ningeweza kusema maneno matatu tu: shangazi, funga pia. Sikuyasema. Niliona nimeshatumia ujasiri wangu wote kwa siku hiyo.

Tulifika kwenye mto mdogo, unaovukwa kwa magogo yaliyolazwa. Ni kazi yangu kuyajua madaraja kama haya. Nilishuka, nikayakanyaga moja moja. La kulia kabisa lilikuwa jipya, gome bado mbichi, na lile la pili yake la zamani lilitoa maji meusi nilipolikanyaga kwa kisigino. Nililitazama kwa muda. Magari yalikuwa yamepita hapo wiki hiyo, alama za matairi zilionekana.

Desturi ni abiria wote kushuka wavuke kwa miguu, na gari lifuate tupu. Mdogo wangu alikuwa ameshashuka, yuko ng'ambo, ananisubiri aniongoze kwa mikono. Nilifungua mlango wa nyuma.

"Shangazi, mushuke kidogo, mupite kwa miguu na mutoto."

Alitazama matope, akatazama kitenge chake kipya alichokivaa kwa ajili ya wakwe.

"Asubui umenikatalia mutoto. Kisha umeniacha nyuma na vikapu. Sasa unanishusha kwa matope?" Alisema polepole. "Pita. Kama ni kuanguka, tuanguke wote."

Ningeweza kumshusha mtoto peke yake. Nimeshafikiria hilo mara nyingi sana. Ingechukua dakika moja. Lakini kumshusha mtoto na kumwacha shangazi ndani kungekuwa kumwambia usoni kwamba naona hatari, na yeye hanihusu. Kwa hiyo nilifunga mlango, nikapanda, nikafunga mkanda wangu, nikaingiza gia ya kwanza.

Mdogo wangu alikuwa ananiita kwa viganja, njoo, njoo, kushoto kidogo. Magurudumu ya mbele yalivuka. Nilianza kupumua. Ndipo nikaliona lile gogo la zamani likivunjika, kwanza machoni mwa mdogo wangu: alifungua mdomo, akainua mikono yote miwili. Upande wa nyuma wa kulia ukashuka, taratibu kabisa, kama ngamia anayepiga magoti kwenye picha za vitabu vya shule, halafu gari zima likajilaza ubavu ndani ya mto.

Nilijikuta ninaning'inia, mkanda umenishika bega na kiuno, usukani uko pembeni. Injini ilikuwa imezima. Nilisikia maji yakiingia, na shangazi akiguna kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na juu ya hayo nilikuwa nasikiliza sauti nyingine moja ambayo haikuja.

Nilimwita mtoto kwa jina, mara mbili.

Niligeuza shingo. Dirisha la kulia sasa lilikuwa sakafu yetu, na lilikuwa wazi kwa sababu nilipomrudisha mtoto nyuma nilimfungulia apate upepo. Maji ya kahawia yalikuwa yanapanda kutoka hapo. Binti yangu alikuwa amelala ubavu juu ya mlango, bado amefungwa kwenye kiti chake, na shangazi alikuwa juu yake. Mwili wote. Vikapu juu ya shangazi. Niliona mguu mmoja wa mtoto, na nusu ya uso, na maji yako chini ya sikio.

Nilibonyeza kitufe changu nikaanguka kwenye kiti cha mdogo wangu, nikapita katikati ya viti kwa tumbo. Macho ya mtoto yalikuwa wazi. Alikuwa halii kwa sababu hakuwa na pumzi ya kulia.

"Papa, koko ananilalia," alinong'ona. Koko ni bibi. Hivyo ndivyo anavyomwita shangazi.

"Bonyeza nyekundu! Kama ule mchezo!"

"Mukono iko chini."

Kitufe chenyewe kilikuwa upande wake wa kushoto, yaani chini ya nyonga ya shangazi. Nilisukuma mkono wangu kati ya miili yao miwili. Nilikipata kwa vidole, nikakibonyeza, hakikufunguka. Mkanda ulikuwa umevutwa kwa uzito wote huo, na mkanda uliovutwa hivyo unakataa. Nilibonyeza tena mpaka ukucha ukapasuka. Wakati huo ndipo nilipouchukia mkanda ule, na shemeji yangu, na kiti chake. Maji yalikuwa yameshafika shavuni.

Mlango wa kushoto, ambao sasa ulikuwa dari, ulifunguliwa juu yetu na mwanga ukaingia. Mdogo wangu alikuwa amepanda juu ya gari. Nyuma yake niliona kichwa cha mwanamke mwenye matope mikononi. Wanawake waliokuwa wanaloweka mihogo upande wa chini wa mto walikuwa wamekuja mbio.

"Muvute shangazi!" nikapiga kelele. "Umuinue kidogo tu, kidogo tu!"

"Bega yangu!" shangazi akalia. "Musiguse bega yangu!"

"Shangazi, mutoto anazama."

Sijui aliipata wapi nguvu. Aliukaza mkono wake usioumia kwenye kiti cha mbele, akauma kitenge chake kwa meno, akajiinua. Kiasi cha kiganja kimoja. Nilimsukuma mtoto kwa bega langu ili mkanda ulegee, nikabonyeza, na ukafunguka kwa mlio mdogo sana, mlio uleule wa mchezo wao.

Nilimpitisha juu, mdogo wangu akampokea, yule mwanamke akampokea. Ndipo alipolia. Nilikaa ndani ya maji na kichwa cha shangazi juu ya goti langu, tukimsikiliza mtoto akilia huko nje.

Tuliingia Kabambare kwa pikipiki mbili za kukodi, jipu tukaliacha mtoni. Shangazi alisafiri akiwa ameegemea mgongo wa dereva, mdogo wangu akimkumbatia kutoka nyuma ili asianguke. Hospitalini walikuta mfupa wa begani umevunjika, na mbavu mbili. Kwa mtoto, muuguzi alimvua gauni akautazama mwili wake wote. Kulikuwa na mstari mwekundu kutoka bega la kulia hadi kifuani, na mwingine mapajani, karibu na nyonga. Alimbonyeza tumbo pande zote, akaniuliza:

"Mukaba ilikuwa kwa tumbo ao hapa chini?"

"Hapa chini."

"Nani alimufunga?"

"Mimi."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kubonyeza. Alisema tumbo ni laini, lakini wamtazame mpaka kesho, waone mkojo wake usiwe na damu. Nilikaa na kikopo cha mkojo mkononi, nikingoja kuliko nilivyowahi kungoja kitu chochote maishani mwangu. Ulitoka safi. Siku ya pili ulitoka safi tena.

Harusi ilifanyika, ikiwa imecheleweshwa siku tatu. Shangazi alisema mbele ya wakwe akiwa ameketi, mkono umefungwa kifuani, na alisema vizuri kuliko siku zote. Watu walitaka habari za ajali, akawasimulia. Katika masimulizi yake alijitupa juu ya mtoto ili amkinge, na ule mkanda wa kizungu karibu umzamishe. Wamama walishika vinywa. Mimi nilikuwa nakula. Mdogo wangu alinitazama, nami nikaendelea kula, kwa sababu kuna sehemu ya habari hiyo isiyokuwa ya uongo.

Kabla sijarudi Kasongo nilikwenda kumuaga pale alipolazwa nyumbani kwa wakwe. Aliomba waliokuwepo watoke.

"Mimi njo nilimulalia mutoto," akasema. "Najua. Nimesikia mifupa yake chini yangu."

"Ni daraja, shangazi."

"Acha daraja. Uliniona sikufunga. Ulitazama mu kioo, ukaniona."

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

Nilimwambia nilimheshimu, niliogopa kumkosea mara ya pili kwa siku moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Apana. Ulikasirika. Ukasema moyoni, akae vile, shauri yake."

Nilitaka kukana. Yeye ndiye aliyenilea, na nilipotazama sakafu alikuwa ameshajibiwa.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote, pamoja na ile sehemu ya mtoto kukaa mapajani mwa shangazi na uvimbe wa paji la uso, ambao angeweza kufikiri ni wa ajali. Hakunigombeza. Alimvua mtoto, akaifuata ile michirizi kwa kidole, iliyokuwa imeanza kuwa ya kijani, kutoka bega mpaka kifua na tena mapajani. Siku mbili hakusema nami ila mambo ya chakula na ya kichanga. Siku ya tatu aliniuliza gari litavutwa lini mtoni, na nikajua tumeanza kuzungumza.

Bega la shangazi liliunga vibaya. Mpaka leo hawezi kuinua mkono huo kupita sikio, na mke wa mdogo wangu ndiye anayemfunga kitambaa cha kichwa kila asubuhi. Tajiri alinirudishia jipu lilipotengenezwa. Kwenye kiti cha nyuma nilitia mikanda mipya, na abiria anayekataa kufunga simshushi. Nasimama tu, nazima injini, namwambia kwa jina lake la heshima, baba, mama, mzee, kwamba ninangoja. Wengine hunitukana. Shangazi alipopanda mara ya kwanza tangu siku ile, kwenda kutibiwa tena, nilizima injini kama kwa mtu mwingine yeyote. Alinitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Mukono haifiki," akasema.

Nikashuka kwenda kumfunga.